Bangili ya Mama Raya

Kila mzazi wa mtoto mwenye usonji alivalishwa bangili ya shule, nayo ilimchoma mkono kila mwanawe alipoumia. Mwanaidi aliijua saa ya maumivu ya binti yake Raya: saa nne, kengele ya mapumziko. Kwa kawaida Mwalimu Kijazi alimtoa nje mapema, la sivyo binti angepiga mayowe na kurusha madaftari.

Leo bangili ilimchoma hadi akaangusha mwiko. Akampigia mwalimu simu.

"Raya ana nini?"

"Hana neno, mama!" Mwalimu alikuwa na furaha tele. "Tumemvalisha kidani kipya cha utulivu. Kengele imelia, naye katulia kama maji mtungini. Hiyo bangili irudishe Ijumaa, haina kazi tena."

Mchana Raya alikaa jikoni, kidani shingoni, uso mkavu. Mwanaidi akaachia mfuniko wa sufuria sakafuni. Zamani mtoto angeziba masikio na kulia.

Raya hakupepesa hata jicho.

Aliyepiga yowe ni Mwanaidi, mkono ukimwaka moto.

Na kesho ilikuwa Ijumaa.