Tabaka la Nne

Sheria ni fupi: mkaguzi anayepitisha kifusi kilichojaziwa kiwanja lazima aishi juu yake na familia yake masika yote, ndipo watu wengine wauziwe nyumba. Mkaguzi wa hapa ni Mama, na kidude cha ukutani huhesabu pumzi zetu kila usiku, tusije tukatorokea kwa shangazi.

Nilipotoka bweni likizo hii, kwa unyenyekevu mkubwa, nililegeza mguu mmoja wa meza. Chai ikamwagika. Nikasubiri kupigiwa makofi. Mama akapiga magoti, akamimina maji sakafuni, akayatazama yanakoelekea.

"Mama, ni mimi. Nimelegeza mguu wa meza."

"Nimeuona, Mbaraka."

"Sasa unatazama nini?"

"Sakafu inainama. Ni tabaka la nne, huko chini. Kifusi chake kilikuja kimelowa. Nilipima kama kimeshindiliwa mara moja tu, pembeni, pale palipokuwa pagumu. Malori yalikuwa kwenye foleni, nikasaini."

"Si useme lifukuliwe!"

"Nikisema, leseni imekwenda. Na zimebaki wiki tatu tu masika yaishe."

Nikacheka, maana ndiyo kazi yangu. Mama hakucheka. Alilivuta godoro la mdogo wangu Mwanahawa hadi mlangoni, akaniambia kuanzia leo nilale na viatu.