Midomo Isiyokutana

"Shikamoo, baba," Asteria alisema, koleo la kung'olea meno tayari mkononi.

Mzee mchimbaji alivuta pumzi. "Arahaa."

Alikuwa ameonyesha gego la chini, akitaka ling'olewe ajiondokee. Kwa miaka minne kliniki hii ya Nyasubi ilikuwa imemwona Asteria aking'oa meno tu.

"Usimshangae, dokta," mkewe alisema. "Tangu mpini wa winchi ya duarani, kule kwenye shimo la machimbo, umpige usoni, mwaka juzi, salamu zimemshinda. Sasa haitikii kabisa mbele za watu. Wajukuu wanaona babu amewasusa."

Asteria aliweka koleo chini, akamwomba mzee afunge mdomo. Midomo ilisogeleana, ikabakiza upenyo wa punje ya mpunga. Hapo hapo ndipo m na b za marahaba zilipopotelea. Alipapasa taya kwa kidole gumba, akagusa kifundo cha mfupa ulioungana kombo.

"Jino lako ni zima, baba. Lililovunjika ni taya."

"Basi linyooshe," mkewe alisema.

"Mimi sijasomea hiyo, mama."

"Kwani haisomewi?"

Asteria alimwandikia mzee rufaa ya kwenda Mwanza, akawasindikiza hadi mlangoni. Kisha alirudi, akafungua droo.

Fomu ya masomo ya upasuaji wa taya na uso ilikuwa humo wiki nzima, imejazwa yote isipokuwa mstari mmoja: *Kwa nini unataka kusomea fani hii?*

Aliandika: *Marahaba.*