Pimbi na Jiwe Lake

Hapo kale Pimbi mmoja wa mlimani hakuamini hata kivuli chake. Mvua ya mawe ilipowalowesha wote, wenzake walirundikana pangoni kupeana joto, yeye akabaki nje, juu ya jiwe lake la kuotea jua.

"Njoo, shemeji, unatetemeka," mke wa kaka yake alimwita.

"Nije ili mlikalie jiwe langu?"

Baadaye akatulia. "Mnaona? Sitetemeki tena. Nasikia joto, na usingizi mtamu."

Shemeji yake, asiyewahi kumshuku yeyote, sasa akashuku. "Joto gani, na jua halijatoka? Anayeacha kutetemeka kwenye baridi hii anakufa."

Wakamburuta ndani, wakamlalia mpaka akaanza kutetemeka upya. Pimbi akafumbua jicho moja.

"Jiwe langu kalikalia nani?"

"Barafu, shemeji. Ukipata nguvu, kaifukuze."