Kibuyu Kisichoonjwa

Mwenye nyumba alitumbukiza mrija kibuyuni, akamsogezea diwani mpya, Winifrida, pombe ya ndizi bila kuionja.

Watu uani wakatazamana. Hapa Munanila mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni apate kujua kwamba hakutiliwa sumu. Na mwenye nyumba huyu ndiye aliyeshindwa na Winifrida katika uchaguzi ule wa kwanza wa vyama vingi. Vijana wake walikuwa wangali wamesimama langoni na fimbo mkononi.

Babu yake Winifrida aliyemsindikiza alikuwa ameketi nyuma yake. Yeye ndiye aliyemfunza mjukuu wake kwamba mshindi hupaswa kumwendea mshindwa. Akikikataa kibuyu, litakuwa tusi, na kata itagawanyika. Akinywa, Mungu ndiye ajuaye. Mzee akakohoa ili kumwonya.

Winifrida hakugeuka. Alipiga goti, akaushika mrija kwa mikono miwili, akanywa. Babu alilitazama koo lake likipanda na kushuka, taratibu, kana kwamba anakunywa kwao.

“Tamu, baba,” alisema, akijifuta povu mdomoni. “Ila leo mgeni ndiye aliyemwonjea mwenyeji.”

Mwenyeji alijipiga kipaji cha uso. “Mama wee! Sikuonja! Mheshimiwa, nisamehe, aibu ya kushindwa imenipotezea akili!” Akaudaka mrija, akanywa mpaka machozi yakamtoka.

Kicheko kikalipuka hadi langoni.

Babu, ambaye tangu ujana wake hakupata kuomba pombe ugenini, alinyoosha mkono.

“Hebu nami nipeni huo mrija.”