Madirisha Matano

Mwenyekiti wa chama cha treni ndogo za mezani alihesabu madirisha ya kabehewa kwa ncha ya kalamu, akarudia kuanzia upande wa pili, kisha akavua miwani.

"Matano," akasema. "Behewa la kweli lina saba."

Yaani ukumbi mzima ukageuka kama vile kuna mtu kafumaniwa. Na aliyefumaniwa ni Milimita, fundi wa karakana ya reli, anayeitwa hivyo kwa sababu hata mkate huupima kabla hajaukata.

Basi sikia. Mji ule una behewa la mvuke: behewa moja tu la abiria lililobeba injini yake puani, halivutwi na kitu, linajiendea lenyewe na moshi wake kila Jumamosi asubuhi. Milimita alikuwa amejitengenezea lake dogo, urefu wa mkono, na hakununua hata skrubu. Mbele ni nusu ya injini ya mezani iliyoanguka ikavunjika mgongo. Nyuma ni behewa la treni nyingine, na magurudumu kayang'oa kwenye kabehewa ka tangi la mafuta ambako hakajamkosea mtu. Viraka vitupu, lakini ukikaona kanavyotembea na moshi wake, unaweza kulia.

Shida ni kwamba vipuri ulivyonavyo havikuulizi unataka nini. Behewa lilikuja na madirisha matano, likabaki na matano. Bomba la moshi fupi kama kidole gumba. Rangi ni ile ya njano iliyobaki walipopaka jikoni, wakati behewa la kweli ni la kijani.

Mwenyekiti akatoa hukumu. Chama hakipokei mtu ambaye kazi yake haifanani na kitu kilichopo relini.

"Jumamosi nataka vilingane," akasema. "Dirisha kwa dirisha. Visipolingana, ndugu yangu, usinipandie ngazi hizi tena."

Na huyu mtu kakataliwa miaka nenda miaka rudi, jamani. Nyumbani mkewe naye kashachoka, maana reli zimetanda meza yote ya kulia chakula na familia nzima inakula sahani zikiwa magotini. Mama wa watu alikuwa ameshasema neno lake, tena bila kupaza sauti.

"Ukipokelewa, treni inahamia kwenye kabati la chama, mimi napata meza yangu. Ukikataliwa, baba watoto, nawapa watoto wa jirani wakachezee mchangani."

Watoto wale walishawahi kupewa saa ya ukutani. Haikufika jioni.

Milimita akakaa mbele ya kabehewa kake, shavu mkononi. Akagusa dirisha la kwanza, akagusa la mwisho. Gundi ilikuwa imeshika vizuri kupita kiasi. Kila kiungo kimegeuka jiwe, ukijaribu kufungua kimoja vyote vinapasuka. Akakaangalia mpaka chai ikapoa. Halafu akakafunga kwenye taulo kama mtoto aliyetoka kuoga, akaenda nako karakanani kwenye mashine. Mkuu wa karakana alikuwa likizo, kwa hiyo hapakuwa na wa kumuuliza kazi ni ya nani na ya nini.

Kazi ikaanza, yeye na mafundi wenzake. Akapima, akapima tena, si unajua jina lake. Behewa likakatwa katikati, likasogezwa, likaungwa. Bomba la moshi wakalichukua kwenye injini moja iliyokuwa imelala bandani siku nyingi bila wa kuililia. Rangi ikamrudisha dukani mara tatu, hadi muuzaji akauliza kama wanainywa.

Siku moja mkewe akampelekea chakula, akakuta mlango umefungwa. Milimita akatoka shati limejaa matundu ya cheche, na nyuma yake wanaume wanaambiana inueni, inueni, taratibu jamani. Mama akauliza kama kale kadude kanahitaji wanaume wote hao. Akajibiwa kwamba kwenye kazi ya usahihi watu hawazidi. Akarudi zake nyumbani akiwaza kwamba mwanaume ukimpa kitu chenye magurudumu, umri wote unamtoka.

Ijumaa Milimita akarudi na rangi hadi masikioni. Akala sahani mbili, akalala kama gunia.

Jumamosi wakapanda ngazi za chama, ambacho ukumbi wake uko ghorofani pale stesheni. Mkewe naye alikuja, kajipamba kabisa, maana meza yake ndiyo ilikuwa inahukumiwa. Milimita akafungua taulo. Wanachama wakasogea. Mwenyekiti akavaa miwani, akatoa kalamu, akahesabu.

Matano. Njano ile ile. Bomba fupi vile vile.

"Hujagusa kitu."

"Sijagusa, Mwenyekiti. Gundi imeshika."

Mkewe akavuta taulo, akaanza kukafunga kabehewa, safari ya kwa jirani.

"Sasa wiki nzima ulikuwa unafanya nini huko karakanani?" akamuuliza mumewe.

Milimita akamwomba tu asogee, asogeze pazia la dirishani.

Chini honi ikalia, na behewa la saa nne likaingia stesheni taratibu, la njano, rangi bado mbichi, na bomba lake fupi. Na jukwaani abiria waliozoea kukaa dirisha la sita na la saba walikuwa wamesimama na mizigo yao, wakihesabu upya.