Choo Hakijatoa Ruhusa

"Mpe binti yako papai na maji mengi," choo kikarudia.

"Papai amekula mpaka analichukia," nikakijibu. "Wiki nzima hajaenda haja kubwa. Anasikia baridi juani, nywele zinadondoka, shingo imevimba. Hiyo ni tezi ya shingo, si upungufu wa mboga."

"Mama Tumsifu, mimi napima kinachotoka."

"Na kisipotoka kitu?"

"Basi sina cha kuripoti."

Siku hizi daktari hamgusi mgonjwa bila ruhusa ya choo cha nyumbani kwake. Binti yangu alikuwa ameegemea ukuta, kavaa masweta yake mawili, anasinzia.

Nikachomoa waya wa choo, nikambeba binti mgongoni hadi hospitali. Pale mlangoni, kwenye spika, sauti ileile ya choo ikauliza kwa upole, "Mama Tumsifu, mbona umenizima?"

Nikausukuma mlango kwa bega, tukaingia.