Kisigino Kwanza

Jumamosi, tarehe tisa Machi. Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri, na uwanja wote ulinuka majani mabichi.

Kocha mpya alivipindua viatu vya binti mmoja mkimbiaji, akaviweka kwenye benchi mbele ya timu nzima ya riadha. Visigino vilikuwa vimelika mpaka kitambaa kinaonekana. Kwa mbele, meno ya soli yalikuwa mapya kama ya dukani.

"Huyu hakimbii, anapiga gwaride," kocha alisema, na wakimbiaji wengine wakaangua kicheko. "Kila hatua anafunga breki. Ndiyo maana goti limekwisha. Msimu huu hatashindana, na unaofuata sijui. Nani alikufundisha, mwanangu?"

Baba wa binti alisimama nyuma ya benchi, ameshika chupa ya maji. Alikuwa mlinzi mstaafu, na mafunzo yake yote yalikuwa ya gwaride. Kwa miaka sita, kila alfajiri baada ya sala, alimwamsha binti na kumhesabia hatua: kisigino kwanza, goti linyooke! Binti alipolalamika maumivu, alimnunulia viatu vyenye kisigino kinene zaidi.

"Nilijifunza mwenyewe," binti alijibu, macho chini.

Uongo ule ulimchoma baba kuliko kicheko.

"Ni mimi," alimwambia kocha, kisha akamgeukia binti. "Mama, wewe ulinitii tu. Mungu ananisikia, na ninyi nyote mnanisikia: kuanzia kesho alfajiri, sitakuamsha tena."